Ngong, Durban July, Dubai au Royal Ascot: mkitaka siku ya mbio za farasi na marafiki, muende wapi?

Hii ni kwa nyie ambao mmeshakubaliana kwenye grupu kwamba safari hii hakuna branchi wala boti, mnataka siku moja ya kuvaa mpaka mtu akose la kusema, kofia, suti, picha za maana, farasi wakipita mbele yenu kwa kasi, afu mmekwama kwenye wapi. Mmoja anasema Nairobi ipo karibu, mwingine ana shangazi Dubai, wa tatu kaona video za Durban July na usingizi umemwisha, wa nne anaishi Uingereza na anataka wote muende kwake. Wote wana hoja. Nitaziweka sehemu zote nne kwenye mizani moja, na mwisho mtajiamulia wenyewe kulingana na hali yenu.

Vitu vya kuangalia kwanza

Kabla sijataja sehemu yoyote, kuna jambo ambalo mtu anayeenda mara ya kwanza huwa haambiwi. Mbio yenyewe ni fupi sana. Ya mita 1200 inaisha kwa dakika moja na sekunde kadhaa, ya mita 2400 ni kama dakika mbili na nusu, afu mnasubiri nusu saa au zaidi mpaka inayofuata. Siku yenye mbio saba nane, ukijumlisha muda wote farasi wanaokimbia hata dakika ishirini hazifiki, na nyie mtakuwa pale masaa matano au sita. Kwa hiyo kitu mnachochagua hasa ni jinsi mtakavyokaa ile nusu saa ya katikati, mara saba. Ukilielewa hili mabishano ya kwenye grupu yanapungua kabisa, maana kumbe mmoja anataka kupiga stori kwenye nyasi, mwingine anataka muziki na tenti lenye baridi, na hao wawili hawataki siku moja.

Basi vipimo vyangu ni hivi: mavazi (maana ndio nusu ya sababu ya kwenda), hela ya safari nzima na siyo tiketi peke yake, viza na usafiri, hiyo nusu saa ya katikati, halafu suala la kubeti, ambalo kwa wengi wetu ni suala la dini na la mfuko pia.

Sehemu zenyewe

Ngong Racecourse ipo Nairobi, kwenye Barabara ya Ngong, msitu umeizunguka, na mbio zinakimbiwa pale tangu 1954 chini ya Jockey Club of Kenya, chama kinachosimamia mbio za farasi nchini. Zamani Kenya ilikuwa na viwanja vingine, Limuru, Nakuru, Eldoret, ila siku hizi ukisema mbio za farasi Kenya unamaanisha Ngong. Mbio huwa Jumapili, kwa kawaida wiki moja zipo nyingine hazipo, na msimu una mapumziko yake kwa hiyo ratiba lazima uiangalie. Siku kubwa kuliko zote ni Kenya Derby, mita 2400, farasi wa miaka mitatu.

Durban July ni ya Afrika Kusini, Jumamosi ya kwanza ya Julai, uwanja wa Greyville pale pale Durban mjini. Ilianza 1897. Mbio kuu ni mita 2200 na farasi wanaoruhusiwa kuanza ni 18, kwa hiyo pale mwanzoni ni msongamano kweli kweli.

Dubai World Cup ilianza 1996, na tangu 2010 iko Meydan, ule uwanja wenye jukwaa refu linalokaribia kilomita 1.6. Mara nyingi ni Jumamosi ya mwisho ya Machi. Zawadi za siku nzima ni dola milioni 30.5, na mbio kuu peke yake inabeba milioni 12.

Royal Ascot ni siku tano za Juni huko England, Jumanne mpaka Jumamosi, mbio saba kila siku. Uwanja ulianzishwa na Malkia Anne mwaka 1711, na mpaka leo familia ya kifalme inaingia na magari ya kukokotwa na farasi saa 8 mchana kila siku kabla mbio hazijaanza.

Mavazi

Ngong ndio kuna uhuru zaidi. Jumapili ya kawaida utamkuta mtu na gauni la maua na kofia pana, pembeni yake mwenzake kavaa jinzi na raba na wote wako sawa, hakuna wa kuwarudisha getini. Siku ya Derby ndio watu wanavaa kwa kushindana. Kitu cha kuangalia Ngong ni ardhi na hewa: mtatembea sana kwenye nyasi, na mchuchumio mwembamba unazama, utaishia kutembea kwa vidole siku nzima, kwa hiyo kisigino kipana au kiatu cha chini kizuri. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, jua la saa 7 linachoma ila likishuka kidogo baridi inaingia, hasa mkienda Juni au Julai. Shali ya kujifunika mabegani iwepo, na ichague rangi inayoendana na gauni maana itaonekana kwenye picha zote za jioni.

Durban ni habari nyingine. Kila mwaka wanatoa mada ya mavazi, 2023 ilikuwa Out of This World, 2024 Ride the Wave, 2025 Marvels of Mzansi (Mzansi ni jina la mtaani la Afrika Kusini), na watu wanaifanyia kazi miezi. Wabunifu vijana wana shindano lao hapo hapo na umati unawasubiri kama unavyowasubiri farasi. Hapa ndipo mafundi wetu wanaweza kung'aa, nasema kwa dhati, kitenge kilichokatwa na fundi anayejua kazi kikiingia Greyville kinasimamisha watu. Ila fundi apewe mada na vipimo mapema, na tarehe utakayomwambia iwe wiki mbili kabla ya ile ya kweli.

Dubai ni ya jioni na usiku, kwa hiyo magauni marefu, vitambaa vinavyong'aa kwenye taa, suti nyeusi. Kuna shindano la mavazi linaitwa Style Stakes na kofia zinapendwa. Nchi ni ya Kiislamu na stara inaheshimiwa, na kwa maoni yangu hii ndio sehemu ambayo dada anayejisitiri atapendeza bila kujibana hata kidogo, abaya ya hariri iliyoshonwa vizuri pale haiombi ruhusa ya kuitwa vazi la sherehe, ni vazi la sherehe tayari.

Sasa Ascot. Ascot ina sheria, na sheria inategemea umekata tiketi ya eneo gani, na hapa ndipo watu wanachanganyikiwa sana. Royal Enclosure ndio la juu: mwanamke lazima kofia, au kipambo cha kichwani chenye msingi imara wa sentimita 10 au zaidi, gauni lishuke mpaka juu kidogo ya goti au chini zaidi, kamba za mabegani zisiwe nyembamba kuliko sentimita 2.5. Mwanaume koti refu la kiingereza linaloitwa morning coat, jeusi, la kijivu au la bluu iliyokolea, na kofia ndefu. Kuingia kwenyewe huingii kwa tiketi tu, lazima uwe mwanachama au mgeni wa mwanachama. Queen Anne Enclosure ndio wengi wetu tunaloliweza: mwanamke kofia au fasineta (kipambo kidogo cha kichwani), mwanaume suti kamili, shati la kola, tai, na soksi zinazofunika kifundo cha mguu (soksi, wanaangalia kweli). Windsor Enclosure haina sheria rasmi ila watu wanavaa vizuri vile vile.

Kitu kinachonifurahisha zaidi kwenye kanuni za Ascot, na ambacho watu wetu wengi hawakijui, ni kwamba mgeni kutoka nchi nyingine anaruhusiwa kuvaa vazi rasmi la taifa lake, hata kwenye Royal Enclosure. Yaani kaka yangu, ile kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama, koti juu, kofia ya viua ya mkono, unaweza ukaingia nayo kifua mbele badala ya kukodi koti la mtu. Mkienda wanaume watatu wanne mmevaa hivyo, hamtapita bila kuombwa picha. Ushauri wangu waandikieni barua pepe kabla, mweleze vazi lenyewe, ili siku hiyo getini msianze maelezo.

Hela

Ngong ndio nafuu kwa mbali. Kiingilio ni hela ya kawaida tu ya kutoka Jumapili, na gharama yenu kubwa itakuwa kula, kunywa na usafiri wa pale mjini. Kwa mtu anayetoka Dar, Arusha au Kampala ongeza basi au ndege na chumba cha siku mbili, bado haifiki popote karibu na hizo nyingine.

Durban tiketi ya kawaida haina shida, kinachopanda ni hoteli, wikiendi ile mji mzima umejaa. Na mjue tofauti moja kubwa: tiketi ya kawaida inakuingiza uwanjani, ila mahema yale ya kifahari unayoyaona kwenye video ni vifurushi tofauti na bei yake ni tofauti kabisa. Mtu akikwambia twende July, muulize hema au nyasi, kabla hujatoa hela.

Dubai ina pande mbili. Usiku wa kawaida wa msimu, kati ya Novemba na mwanzoni mwa Aprili, eneo la kawaida la Meydan mnaingia bila kutumia hela nyingi au bila kulipa kabisa, na mnaona farasi wa daraja la juu. Usiku wa World Cup wenyewe kuna ngazi nyingi, kuanzia eneo la wazi chini mpaka meza za mghahawa ambazo bei yake mtaijadili kwa siku mbili kwenye grupu. Faida ni kwamba ndege za moja kwa moja zipo nyingi, Dar, Nairobi, Entebbe, hata Zanzibar, na wengi wana pa kufikia, na mtu mwenye shangazi Deira ameshaokoa nusu ya bajeti.

Ascot kwa anayetoka nyumbani ndio ghali kuliko zote, na sio sababu ya tiketi. Ni viza, ndege, malazi, afu nguo za Juni ya England ambayo inaweza kuwa jua kali au mvua ndani ya saa moja. Ada ya viza ya matembezi ilipanda 2025 ikafika pauni 127 na ukinyimwa hairudi. Ila kwa ndugu zetu walioko London, Reading, Milton Keynes, hesabu inageuka kabisa: ni tiketi ya treni na tiketi ya uwanja, Windsor Enclosure ikiwa ndio rahisi.

Viza na kufika

Ngong, sisi wa Afrika Mashariki utaratibu wa mpaka tunaujua. Pale Nairobi matatu za 111 za kwenda Ngong zinapita hapo hapo, ni kama kilomita 10 kutoka katikati ya mji, ila ukishavaa kofia pana chukueni teksi tu, kofia na matatu haviendi pamoja.

Durban: Mtanzania haombi viza kwa matembezi mafupi, na Mkenya tangu Januari 2023 pia haombi, siku zisizidi 90. Hii ndio inafanya Durban iwe rahisi kupanga kuliko inavyoonekana. Mara nyingi mtapitia Johannesburg.

Dubai viza ipo ila inashughulikika haraka, na uwanjani nendeni na teksi. Angalieni kalenda ya Kiislamu vizuri: 2023 na 2024 World Cup iliangukia ndani ya Ramadhani, 2025 ikawa tarehe 5 Aprili, baada ya Idi. Kama kwenye kundi mna wafungaji, jambo hili mliongee mapema, maana kukaa masaa sita uwanjani kwenye joto na saumu sio jambo la kushtukizana.

Ascot unapanda treni London Waterloo, kama dakika 50, unashuka stesheni ya Ascot afu unatembea kidogo kupanda kilima. Kwenye begi muwe na ndala, kwenda hakusumbui, kurudi jioni ndio miguu inakumbuka kila kitu.

Ile nusu saa ya katikati

Ngong nusu saa inapita kwenye padoki, pale pa uzio ambapo farasi wanazungushwa kabla ya mbio. Hiki ndicho kitu Ngong inazishinda zote kwa maoni yangu, ukaribu. Unasimama kwenye uzio, saisi (mtunza farasi) anamzungusha farasi mbele yako, unasikia kwato, unaona mishipa ya shingo imesimama, unaona jasho jeupe kama povu la sabuni pale mkanda wa tandiko unapogusa ngozi. Joki, yule anayempanda farasi kwenye mbio, anatoka na shati la hariri la rangi ya mwenye farasi, anashikwa mguu mmoja na kurushwa juu ya tandiko, na mnaondoka nao kuelekea njia ya mbio. Watoto wanakimbia kwenye nyasi, mnarudi mezani, stori inaendelea pale ilipokatika. Hakuna haraka. Na pale kuna historia ya watu, Beryl Markham, yule mama aliyeruka na ndege peke yake kuvuka Atlantiki kwenda magharibi mwaka 1936, alikuwa mkufunzi wa farasi maarufu Kenya na miaka yake ya mwisho aliishi kwenye nyumba ndogo hapo hapo uwanjani. Upungufu wake ni kwamba kama kundi lenu linataka shamrashamra, Jumapili ya kawaida itawapwaya, watu sio wengi na muziki sio ajenda.

Durban nusu saa ni tamasha. Mnazunguka kuangalia nguo, mnapigwa picha, kwenye mahema kuna muziki, chakula, watu maarufu wa Mzansi, na kuna kundi kubwa la watu pale ambao wakiulizwa farasi gani kashinda watakuuliza wewe. Sisemi kwa ubaya, ni siku ya aina yake, umati unazidi watu elfu hamsini na ile sauti ya mwisho mwisho farasi 18 wakikunja kona kuelekea mstari wa kumalizia inakusisimua hata kama hujui jina la hata mmoja. Jua linazama mapema Julai, saa 11 na dakika kidogo jioni, na hapo ndio sherehe ya usiku inaanza. Ila kutembeatembea kwenye umati ule kunachosha, na kupotezana ni rahisi mno, wekeni sehemu ya kukutana.

Meydan nusu saa ni ya kukaa na kuangalia. Kila kitu ni kikubwa, skrini, taa, jukwaa, na mbio zinapangwa kwa kupanda ngazi, zinaanza alasiri na ile kuu inakuja usiku kabisa. Mapema kabisa kuna Dubai Kahayla Classic ambayo ni ya farasi safi wa Kiarabu, mbegu ile ile ambayo wazee wa pwani walikuwa wakiisikia kwenye hadithi za Oman, wakimbiaji wa mwendo mwingine, shingo imepinda, mkia juu. Usiifike kwa kuchelewa kwa sababu ya vipodozi. Mwisho kuna onyesho la mwanga na fataki. Kasoro yake, kama mko eneo la chini lililojaa, farasi mtawaona zaidi kwenye skrini kuliko kwa macho.

Ascot nusu saa ina utaratibu wake, na watu wanaufuata bila kuambiwa: mnaenda padoki kuangalia farasi, mnarudi kwenye uzio au jukwaani, mbio, mnaenda kuona mshindi akivuliwa tandiko, chai au shampeni, mnarudi padoki. Siku nzima mnatembea duara hilo na ndani yake mnakutana na watu, mnasifiana kofia na watu msiowajua. Alhamisi ni siku ya Gold Cup, mbio ya karibu mita 4,000 iliyoanza 1807, na ndio siku ya wanawake kuvaa kuliko zote. Baada ya mbio ya mwisho watu hawaondoki, wanakusanyika kwenye kibanda cha bendi na kuimba pamoja na vijibendera, wazee kwa vijana. Kwenye Windsor Enclosure mnaruhusiwa kuja na pikiniki yenu, na hapo, jamani, pilau la asubuhi kwenye hotpoti, sambusa, kachumbari pembeni, blanketi kwenye nyasi. Ni raha ambayo meza ya kulipia haikupi.

Kubeti

Ngong, Durban na Ascot kubeti kupo wazi kabisa, madirisha yapo, umri ni miaka 18. Dubai uwanjani hakuna madirisha ya kubeti, badala yake kuna shindano la bure la kukisia washindi na ukipatia zawadi ipo. Kwa mwenye msimamo wa dini hii ni nafuu kubwa ya moyo, unafurahia kukisia bila kuingia kwenye kamari.

Na hata hizo sehemu tatu nyingine kubeti sio lazima, hakuna anayekuangalia. Kila mtu achague farasi wake padoki, kwa macho tu, kwa rangi ya shati la joki au jina lililomfurahisha, na anayepatia nyingi mpaka jioni anachagua wapi mle. Shangwe ni ile ile. Kwa wanaobeti nasema kwa uzito, hela ya kubeti itengwe pembeni nyumbani, kiasi kidogo, kadi na simu zisihusike, ikiisha imeisha na siku inaendelea. Rafiki anayeanza kufukuza alichopoteza kwenye mbio ya nne anaharibu siku ya wote, na mwezi wake pia.

Kila sehemu na watu wake

Ngong inawafaa wanaopenda farasi wenyewe, familia, na wanaoanza. Durban ni ya wapenda mitindo na muziki, watu wa nguvu wanaoweza kusimama toka mchana mpaka usiku wa manane. Dubai ni ya wanaotaka fahari iliyopangwa, wasiobeti, wanaojisitiri, na wenye ndugu kule. Ascot ni ya wanaopenda utaratibu na kuvaa kwa kanuni, na kwa kweli ni ya walioko Ulaya kabla ya wengine.

Kama hali yenu ni hii

Kama hamjawahi kwenda mbio za farasi hata mmoja wenu, na bajeti sio ya ndege za mbali, chukueni Ngong, ila jaribuni kuipata siku ya Derby au siku nyingine kubwa ya msimu ili mavazi yenu yapate wenzao. Ulizeni Jockey Club tarehe kabla ya kukata basi.

Kama ni bethidei ya kufikisha 30 au 40, mashosti kumi, kila mtu anataka kuonekana, Durban. Anzeni kuchanga mwezi wa Januari, malazi kwanza, kisha hema, halafu fundi mara tu mada ikitangazwa.

Kama kundi limechanganyika, mmoja anabeti mwingine hataki hata kukaa karibu, mmoja kavaa hijabu mwingine gauni la mgongo wazi, mnahitaji sehemu ambayo hakuna atakayejisikia mgeni, nadhani Meydan itawaweka pamoja vizuri zaidi, kwa sharti huyo wa mgongo wazi abebe shali. Na kama bei za World Cup zimewatisha, nendeni usiku wa kawaida wa Januari au Februari, taa ni zile zile.

Kama zaidi ya nusu yenu mko Uingereza na Ulaya, Ascot, Windsor Enclosure na pikiniki kama mko wengi, Queen Anne siku ya Alhamisi kama mko wanne watano na mnataka kofia za kweli. Kama wengi mko nyumbani na mmoja tu yuko huko, msisafirishe watu tisa kumfuata mmoja, ni rahisi yeye aje Nairobi.

Kama kuna wazee au mjamzito kwenye kundi, angalieni viti kabla ya kuangalia kitu kingine chochote. Ngong atapata pa kukaa na kivuli bila shida, Meydan mkalipie viti rasmi na msiende eneo la kusimama, Durban bila hema msimpeleke, na Ascot mpigie hesabu ule mwendo wa kutoka stesheni, teksi ya mpaka getini iwe imeshawekwa oda kabla ya siku yenyewe.

Na kama bado mmegawanyika katikati, pigeni kura kwa swali moja tu, ile nusu saa mnataka kuwa mmekaa, mmesimama, au mnacheza. Waliokaa ni Ngong au Meydan, wanaotembea na kusimama ni Ascot, wanaocheza ni Durban, na watakaoshindwa kura waahidiwe mwaka unaofuata, kwa maandishi, kwenye grupu.